Gramu 120 za Kuku Asiyechinjwa: Tathmini ya GOOD Meat 3

Mnamo Mei 2024, katika friza la bucha la Huber's lililoko Dempsey Road nchini Singapore, iliwekwa pakiti ya gramu 120 ambayo mfano wake haukuwahi kuuzwa katika duka la rejareja popote duniani: nyama ya kuku yenye seli zilizokuzwa nje ya mwili wa kuku, ambayo mtu yeyote aliweza kuichukua, kulipa na kwenda kuipika kwake. Bidhaa hiyo inaitwa GOOD Meat 3, mtengenezaji wake ni GOOD Meat, kitengo cha kampuni ya Kimarekani ya Eat Just, na bei yake ilikuwa dola 7.20 za Singapore. Nilikuwa huko Julai mwaka huo kwa mafunzo ya wiki tatu ya shughuli za bandari. Kwa kuwa nimekulia katika nyumba ambamo kuku alikimbizwa uani asubuhi na kuliwa mchana, nilitaka kujua mtu anapata nini hasa anapotoa fedha hiyo, na iwapo kilichomo ndani ya pakiti kinalingana na maneno makubwa yanayosemwa juu yake, kwamba ndiyo njia ya kula nyama bila kuitwisha dunia mzigo wa ufugaji. Nilinunua pakiti mbili.

Mahali penyewe panastahili safari. Dempsey ni kilima kilicho karibu na Bustani ya Mimea ya Singapore. Zamani kilikuwa shamba la kungumanga, kisha kikawa kambi ya jeshi la Waingereza, na leo majengo yale ya askari yamegeuzwa mikahawa na maduka ya watu wenye uwezo. Huber's ni bucha la familia yenye asili ya Uswisi, safi kama duka la dawa, na lina mkahawa wake ambao ulianza kuhudumia wateja kuku wa aina hii Januari 2023, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya pakiti kuingia frizani. Mhudumu niliyemuuliza alinionesha friza bila kusitasita, na kabla sijauliza swali la pili akaniambia kwamba tarakimu iliyo katika jina la bidhaa ina maana yake.

Maana hiyo ndiyo kiini cha tathmini hii. Tatu ni asilimia. Katika gramu 120 za pakiti, seli za kuku zilizokuzwa ni asilimia 3, yaani gramu 3.6, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini za mimea zilizotengenezwa zishikane na kutafunika kama nyama. Kampuni haikulificha jambo hili. Imeliandika katika jina, na kwa hilo nawapa heshima, maana wapo wauzaji wengi wa vyakula ambao wangeliandika kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Hata hivyo, msomaji aliyesikia habari za "nyama ya maabara" akadhani kwamba atakula pande la kuku lililoota ndani ya tangi, anapaswa kujua mapema kwamba atakachokula ni chakula cha mimea kilichotiwa kuku kidogo. Matoleo ya awali ya kampuni hiyohiyo, yaliyouzwa mikahawani, yalikuwa na kiwango cha seli kikubwa zaidi kwa mbali. Kiwango kimeshuka kwa sababu ya gharama: kukuza seli bado ni ghali mno, na ili pakiti iweze kukaa katika friza la duka kwa bei ambayo mteja hatakimbia, ilibidi kuku apungue na mimea iongezeke.

Hata baada ya kupunguzwa hivyo, hesabu bado ni nzito. Dola 7.20 kwa gramu 120 ni sawa na dola 60 za Singapore kwa kilo. Kwa viwango vya fedha vya wakati ule, pakiti moja ilinigharimu takriban shilingi 14,000 za Tanzania, au shilingi 700 hivi za Kenya. Kwa fedha hiyo mtu wa Dar es Salaam anarudi nyumbani na kuku mzima wa kisasa, akiwa na utumbo na miguu yake, na chenji ya kununulia nazi inabaki. Sisemi kwamba kulinganisha hivyo ni haki kamili, kwa kuwa Singapore ni nchi ya bei kubwa inayoagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake kutoka nje; lakini hata hukohuko kifua cha kuku wa kawaida hakifiki bei hiyo.

Kabla ya kuingia jikoni, yafaa nieleze kwa kifupi kitu hiki kinavyopatikana, kwa sababu maneno mengi ya mitaani juu yake si sahihi. Huchukuliwa seli chache za kuku, zikachaguliwa zile zinazoweza kuendelea kujigawa, zikahifadhiwa katika baridi kali kama akiba ya mbegu. Zinapohitajika hutiwa katika tangi la chuma kisichoshika kutu, lililofungwa na kudhibitiwa joto lake, ndani ya kimiminika chenye sukari, asidi amino, vitamini na chumvi, yaani vile vitu ambavyo damu ya kuku ingezipelekea seli hizo kama angekuwa hai. Huko hujigawa na kuongezeka, kisha huvunwa, hukamuliwa maji na kuchanganywa na viambato vingine. Zamani kimiminika hicho kilitegemea seramu inayotokana na damu ya ndama ambaye hajazaliwa, jambo lililokuwa doa baya kwa bidhaa iliyojinadi kwamba haiui mnyama. Januari 2023 mamlaka ya chakula ya Singapore iliidhinisha utengenezaji usiotumia seramu. Ikumbukwe pia kwamba nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuruhusu nyama ya namna hii kuuzwa, Desemba 2020, miaka saba baada ya Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht kuonesha baga yake ya kwanza jijini London, Agosti 2013, baga moja iliyogharimu karibu euro 250,000. Ukiiangalia kutoka pale, dola 7.20 ni mteremko mkubwa. Ila baga ya Post ilikuwa karibu yote nyama ya kukuzwa, si asilimia 3, kwa hiyo mteremko wenyewe usomwe kwa tahadhari.

Sasa jikoni. Nilikuwa nimepanga chumba chenye jiko dogo la umeme, sufuria mbili na kikaango kimoja kilichokwisha kuchoka. Nilipoikata pakiti niliona vipande vyenye nyuzinyuzi, rangi yake ni ya krimu inayoelekea kahawia, na kama ningeletewa kwenye sahani bila maelezo ningesema ni kifua cha kuku kilichochemshwa kikanyambuliwa kwa vidole, tayari kwa kujaza sambusa. Nilichukua kipande kimoja kikiwa kimeyeyuka barafu nikakivuta taratibu: kilipasuka kwa urefu, kikaacha nyuzi nyembamba pembeni, jambo ambalo nyama nyingi za soya hazilifanyi, kwani hizo hukatika kama sponji. Harufu ilikuwa ndogo, ya supu ya kuku iliyopoa. Hapakuwa na ngozi wala mafuta ya njano, wala ile harufu ya unyoya uliobabuliwa ambayo kwetu ndiyo inayowatangazia majirani kwamba leo kuna mgeni.

Nusu ya pakiti ya kwanza niliikaanga kwa mafuta kidogo na chumvi tu, kwa sababu mtu anayetaka kuijua nyama hana budi aionje bila viungo. Kosa la kwanza likawa langu: niliacha kikaango kipate moto sana, kingo zikashika na kukauka. Nyama hii haina mafuta yake ya kutosha ya kujilinda, kwa hiyo inataka moto wa wastani na dakika chache. Mara ya pili nilifanya inavyotakiwa, na matokeo yakawa mazuri kuliko nilivyotarajia. Meno yanakutana na ukinzani wa kweli, na ladha ni ya kuku wa kisasa, yule wa wiki sita, laini na mpole. Ladha ya kuku wa kienyeji, ambaye ametembea, amekula wadudu na kukomaa mifupa, haimo, na nisingetarajia iwemo, kwa sababu utamu ule unatoka kwenye mafuta, mifupa na umri.

Je, ladha hiyo ya kuku inatokana na zile gramu 3.6? Hapo siwezi kuapa. Ili kupima ingebidi niwe na pakiti ya pili yenye mimea mitupu na viungo vilevile, na hiyo haiuzwi. Naona hili ni jambo la msingi kwa yeyote anayetaka kuitathmini bidhaa kwa haki, maana ulimi hauwezi kutenganisha kazi ya seli na kazi ya mpishi wa kiwandani.

Nusu iliyobaki niliitia katika mchuzi wa nazi, kwa mtindo wa kuku wa kupaka, ingawa bila mkaa wa kumchomea kuku jina hilo ni la kukopa. Hapa ndipo upungufu wa kimaumbile ulipojitokeza. Kuku mwenye mifupa anaupa mchuzi uzito. Huyu hupokea tu. Alinywa tui vizuri, akawa mtamu kwa utamu wa tui, lakini mchuzi wenyewe haukupata chochote kutoka kwake. Mtu asinunue pakiti hii akitegemea supu. Na asitarajie firigisi. Nalitaja jambo hili nikijua litawachekesha wasomaji wachache, lakini katika nyumba nyingi za kwetu firigisi ni heshima, huwekewa baba au mgeni, na mgawanyo wa kuku mezani, nani apewe paja na nani shingo, ni lugha inayoeleweka bila kusemwa. Nyama iliyonyambuliwa kiwandani haina cheo. Kila mtu anapata sawa. Huenda kuna watakaofurahia hilo, hasa waliolelewa kwa shingo.

Pakiti ya pili niliifanya sambusa, kwa manda za tayari nilizonunua katika soko la Tekka, vitunguu vingi, tangawizi, bizari na pilipili manga. Zilitoka sambusa tisa. Wenzangu watatu wa mafunzo walizila wakijua zina nini ndani, na wote walisema kwamba kama nisingewaambia wasingejua. Naupokea ushahidi huo kwa uzito wake halisi, kwa sababu sambusa yenye bizari haisemi mengi juu ya nyama iliyomo. Hata hivyo, hapa ndipo bidhaa hii inapokaa vizuri zaidi: katika sambusa, katlesi, mkate uliojazwa nyama, pilau la haraka, mahali popote ambapo kuku angenyambuliwa hata hivyo.

Mwenzangu mmoja kutoka Unguja hakula. Alikaa nasi, akanusa sambusa moja, akaigeuza mkononi kama mtu anayekagua embe sokoni, akairudisha sahanini. Nilimkumbusha kwamba Februari 2024 kamati ya fatwa ya baraza la Kiislamu la Singapore, MUIS, ilitamka kwamba nyama ya kukuzwa inajuzu kuliwa, kwa sharti kwamba seli ziwe za mnyama anayeruhusiwa na chakula chenyewe kisiwe na kiambato kisicho halali. Aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, fatwa imetaja masharti, haikutaja pakiti yako. Niletee cheti cha pakiti." Sikuwa na jibu, na bado naona alikuwa na hoja kamili: hukumu juu ya aina ya chakula ni jambo moja, na cheti cha bidhaa iliyo mkononi ni jambo jingine, tena imenunuliwa katika bucha linalouza na nyama ya nguruwe. Msomaji Mwislamu anayefikiria kuijaribu aanze na swali hilo kabla ya swali la bei.

Nifike sasa kwenye ahadi yenyewe, ile ya mazingira, ambayo ndiyo inayomfanya mtu alipe dola 60 kwa kilo bila kujiona mjinga. Msingi wa ahadi hiyo ni wa kweli. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2023, mifugo inachangia takriban asilimia 12 ya gesijoto zote, yaani gesi zinazoizidishia dunia joto, zinazotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa mno ya ardhi ya kilimo duniani ni malisho au mashamba ya chakula cha mifugo. Mnyama hutumia sehemu kubwa ya anachokula kutembea, kupumua, kujipasha joto na kuota manyoya na mifupa. Tangi halioti mifupa. Kwa hiyo wazo la kukuza msuli peke yake, bila mnyama mzima, lina mantiki inayovutia.

Ugumu unaanza unapouliza ni mnyama gani anayebadilishwa na ni nishati gani inayotumika. Kuku ndiye mshindani mgumu kuliko wote, kwa sababu kuku wa kisasa tayari anageuza chakula kuwa nyama kwa ufanisi mkubwa, na gesijoto zake kwa kila kilo ni sehemu ndogo tu ya zile za ng'ombe wa nyama. Faida kubwa ya hali ya hewa ingepatikana kwa kuchukua nafasi ya ng'ombe, si ya kuku. Kisha tangi linataka umeme: kupasha joto, kupoza, kukoroga, kusafisha, kuua vijidudu saa zote, kazi ambayo kuku anaifanya mwenyewe kwa kinga ya mwili wake. John Lynch na Raymond Pierrehumbert wa Chuo Kikuu cha Oxford walionesha mwaka 2019 kwamba methani, gesijoto anayoitoa ng'ombe, ni kali lakini hutoweka hewani baada ya miaka kumi na kitu, ilhali kaboni dayoksaidi ya umeme hujilimbikiza kwa karne nyingi. Hivyo, kama umeme hautakuwa safi, nyama ya kukuzwa inaweza kwa muda mrefu kuwa na madhara makubwa kuliko ng'ombe. Na umeme wa Singapore, nchi nilikoila, unazalishwa karibu wote kwa gesi asilia.

Kwa hiyo naipima pakiti niliyoishika, wala si ndoto iliyo nyuma yake. Ikiwa GOOD Meat 3 ina mzigo mdogo kwa mazingira kuliko kuku wa kawaida, basi pongezi kubwa ziende kwa mimea inayojaza sehemu iliyo kubwa ya pakiti, wala si kwa tangi. Mtu ambaye shabaha yake ni kupunguza nyama tu anaweza kupika kunde, choroko au maharage ya nazi kwa gharama ya kutupa, na hesabu yake ya gesijoto itakuwa nzuri zaidi. Wala sikubali mazungumzo yanayolitaja neno "ufugaji" kana kwamba ni kitu kimoja. Ng'ombe anayenenepeshwa kwa mahindi na soya zizini na ng'ombe wa mfugaji wa Kajiado au Longido, anayekula majani ya nchi kavu ambako mahindi hayaoti, hawamo katika hesabu moja. Huyu wa pili ni maziwa, mahari, akiba ya benki na bima ya ukame, na pakiti ya gramu 120 haimgusi. Inayemgusa, kama itafanikiwa, ni mzalishaji mkubwa wa viwandani, na huyo analeta sehemu kubwa ya athari tunazozilalamikia.

Wanasiasa wa kwingineko nao wameiogopa mapema mno. Italia iliipiga marufuku Novemba 2023, na majimbo ya Florida na Alabama nchini Marekani yakafuata Mei 2024, mwezi uleule pakiti hii ilipoingia frizani Singapore. Kwa gramu 3.6 za seli, naona hofu imetangulia mbele ya safari.

Kwa anayepita Singapore na kuikuta, ushauri wangu ni huu: anunue moja, si mbili. Aiyeyushe barafu ndani ya friji, aikaange kwa moto wa wastani na mafuta kidogo kwa dakika tatu au nne, aionje kwanza kwa chumvi tupu ili aridhishe udadisi aliolipia, kisha kilichobaki akifanye sambusa. Kama chakula, naipa alama saba katika kumi, kwa kuwa nyuzi zake ni nzuri na haina uchungu wa soya. Kama mbadala wa mfugo, naipa mbili, na nitaibadili alama hiyo siku tarakimu iliyo katika jina itakapopanda huku bei ikishuka. Ile sambusa ya tisa, ambayo mwenzangu wa Unguja aliirudisha sahanini, niliila mimi asubuhi iliyofuata pamoja na chai ya maziwa. Ilikuwa imepoa, na manda zimelegea, lakini nyama ya ndani ilikuwa bado na nyuzi zake.